Sura ya Baba

Mhariri wa Tbilisi ameurudisha mswada,
kalamu ya kijani pembeni:
"Baba huyu habadiliki.
Ukurasa wa tisa anapiga, wa mia mbili bado anapiga.
Msomaji atachoka. Mpe sura nyingine."

Sura nyingine.
Kana kwamba ninazo kabatini,
kana kwamba ile moja sikuisoma kila jioni
kwa masikio, kabla haijafika mlangoni:

ngazi themanini na nne za jengo letu pale Chiatura,
lifti iliyokufa kabla sijazaliwa,
na buti za Jumberi, fundi wa vijigari vya waya
vinavyoning'inia juu ya bonde,
zikipanda.
Akijikwaa ya ishirini, tulikula.
Akijikwaa ya sitini, mama alizima redio.
Asipojikwaa kabisa,
Dito na mimi tuliingia uvunguni, viatu mkononi,
maana mlevi hukosa shabaha.

Nimejaribu, mhariri.
Nilimpa utoto: baba yake naye,
baridi, mkanda wenye bizimu la shaba.
Ni kweli tupu, lakini ilinuka udhuru.
Mkanda ule ninaujua. Ulipotua mgongoni kwangu
haukuwa na historia,
ulikuwa na bizimu.
Nikafuta.

Nikamliza hospitalini, kando ya kitanda changu.
Machozi yakatoka mazuri mno,
nikatambua ni yangu.
Nikafuta.

Kilichotokea ni hiki, nacho hakijazi ukurasa.

Mama alikwenda Thesaloniki kumwogesha mzee wa watu
kwa mshahara. Dito akachukuliwa jeshini.
Nikabaki, miaka kumi na minne,
na mwanamume asiyejua chumvi inakaa wapi.
Siku tatu tulikula maharagwe yaliyoungua
bila kutazamana.
Ya nne akanipiga kwa ajili ya kijiko.
Kijiko! Hata sasa sikumbuki kilikosa nini.

Jumapili akaja na keekee ya kazini,
mikono myeusi kwa maganda ya jozi,
akapiga magoti mbele ya mlango wa chumba changu,
mlango uleule alioupasua kwa bega
mwaka wa mafuriko,
akatoboa, akapuliza vumbi la mbao,
akafunga komeo.
Upande wa ndani.

"Jaribu," akasema.

Nikaingia, nikalisukuma. Chuma kikalia kidogo.
Yeye akabaki nje.
Kisha lile bega.
Mara moja, kwa nguvu zake zote.
Mara ya pili.
Komeo likashika.

Nilimsikia akishusha pumzi
kama mtu aliyetua gunia.
"Linatosha," akasema,
akaenda kuosha sahani.

Hakuomba radhi. Neno samahani
halikuwahi kuzipanda zile ngazi.
Na kama unataka hesabu, mhariri,
alinipiga tena mara mbili baada ya hapo,
zote mbili jikoni,
hatua sita kutoka kwenye komeo.
Ya pili, alipoinua mkono,
alitupa macho kwanza kule kwenye mlango wangu,
kama anayeniuliza kwa nini bado nimesimama.

Sasa niambie, hiyo ni sura mpya
au ni ileile imegeuka kidogo kwenye mwanga?
Mimi sijui. Nimeiandika mara kumi na moja
na kila mara ninamsamehe sana
au simsamehi hata chembe,
na yeye hayumo.

Jana nilimpigia simu. Ana miaka sabini na moja,
kifua kimejaa vumbi la manganizi.
Akaniuliza kama ninakula.
Akanieleza waya mmoja umekatika, hakuna wa kuutengeneza.
Halafu, bila utangulizi:

"Hiyo nyumba yako mpya ina komeo?"
"Inalo."
"La ndani?"
"La ndani."

Akakohoa kwa muda mrefu.
Akakata.